Kompyuta za mtumba Korogwe na Handeni: tuzipime kwa programu ipi kabla hatujalipa?

Wengine mmeuliza kwanini kijiwe kimepoa wiki mbili hizi. Sikuhama wala sikuumwa. Nilikuwa nalala Handeni na kushinda Korogwe, kilomita 65 kwenda na 65 kurudi, flashi moja mfukoni na daftari kwapani, nikizitesa kompyuta sita za mtumba. Leo naweka mezani niliyoyaona, kwa sababu naamini mambo haya yanawakuta wengi na wengi wanalia kimya kimya.

Kisa chenyewe ni hiki. Rafiki yangu mmoja na wenzake wawili wamefungua kafe ya intaneti karibu na stendi pale Korogwe. Najua kuna watakaocheka: kafe zama hizi, wakati kila mtu ana simu ya kupangusa? Haya, jaribu wewe kujaza fomu ya kuomba ajira kwenye simu iliyopasuka kioo, uskani vyeti, uvigeuze PDF, uvipandishe kabla ya saa sita usiku. Hapo ndipo utajua kwanini kafe na stationari za stendi bado zina foleni.

Wakachukua mkopo kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, wakanunua mashine sita kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar, sh. 320,000 kila moja. Jumla sh. 1,920,000. Wakatanguliza 1,200,000, na 720,000 iliyobaki walipe ndani ya siku saba. Siku saba hizo hizo ndizo siku za kupima. Zikipita, mzigo ni wako, hata ikiwaka moshi.

Siku ya pili tu, saa nane mchana, bati linawaka, dada mmoja alikuwa anamalizia maombi ya kazi na dirisha linafungwa usiku ule. Kabakiza kupandisha cheti kimoja. Mashine ikazima, pap! Akahamishiwa ya jirani. Hiyo haikuzima, ila ilikuwa nzito kama imebebeshwa mzigo wa mkonge, ukibonyeza leo inajibu kesho. Yule dada aliondoka na boda kutafuta stationari nyingine, na hela yake alirudishiwa. Rafiki yangu akanipigia simu usiku: "Kaka, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Njoo."

Muuzaji alipopigiwa alikuwa mkali: "Mashine zangu zimepimwa zote kwa programu, na picha ninazo. Tatizo ni umeme wenu wa huko mkoani." Na kweli akatuma picha za skrini, prosesa inaonyesha asilimia 100, kila kitu kijani. Wadau, hapa ndipo mjadala wangu wa leo unapoanzia. Picha ya asilimia 100 inathibitisha nini hasa? Na nani asema kweli, muuzaji au mnunuzi?

KWANINI JAMBO HILI NI LA SASA

Kwanza tuelewe mzigo huu unatoka wapi. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 Microsoft waliweka masharti: kompyuta iwe na TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa iwe kizazi cha 8 kwenda mbele, ukiacha chache sana za kizazi cha 7. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 wakaacha kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa wanaojiunga na mpango wa nyongeza. Maana yake ofisi za Ulaya na Marekani zenye mashine za i5 kizazi cha 6, nzima kabisa, zinajikuta na vitu ambavyo sera zao za usalama haziviruhusu tena. Vinatolewa, vinasafishwa, vinapewa jina la refabishi, vinapanda meli. Sita za rafiki yangu zote ni i5-6500: kori 4, GHz 3.2, wati 65. Windows 11 imewekwa kwa njia ya panya. Mkononi hazina ubaya, kuandika barua na kufungua tovuti zinatosha sana.

Pili, kuna suala la taka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ambao Tanzania ni mwanachama, unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali. Sasa sikiliza hapa: tofauti kati ya "kifaa kilichotumika" na "taka" ni nini? Miongozo ya mkataba huo inataka kifaa kiwe kimepimwa kuonyesha kwamba kinafanya kazi. Kwa hiyo kupima si ushamba wa fundi anayependa kuchezea mashine. Kupima ndiko kunakoamua kama umeletewa bidhaa au umeletewa dampo.

Tatu, umeme. Kaskazini tunalalamika miaka yote, na safari hii hata Ikulu imekubali. Machi 2025 Rais Samia, akiwa Mwanga kwenye mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, alieleza kwamba umeme unaozalishwa kusini na mashariki unapotea mwingi njiani kuja kaskazini, ndiyo maana ya kufikiria kununua kutoka Ethiopia kupitia Kenya. Hiyo ni pamoja na kuwa na Bwawa la Julius Nyerere la MW 2,115. Kwa hiyo muuzaji wa Dar anaposema "umeme wenu", hajatunga hewani. Ana hoja. Swali ni kama hoja hiyo inamwokoa.

"CPU" NI NINI?

Kabla ya programu, tukubaliane lugha. Mtaani kwetu ukisema CPU watu wanaelewa lile boksi zima. Ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi. Mteja anasema "CPU mbovu", muuzaji anajibu "prosesa nzima", na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Prosesa ni kile kijipande chini ya feni. Boksi lina pawa saplai, RAM, mazabodi, diski na feni, na kila kimoja kina ugonjwa wake. Programu ya kupima prosesa inalemea boksi zima, kwa hiyo kifaa chochote dhaifu kinaweza kuanguka na prosesa ikasingiziwa.

Hapo ndipo unapoona picha ya asilimia 100 haina maana kubwa. Asilimia 100 inasema prosesa ina kazi. Haisemi kama inaifanya kazi hiyo sawasawa, wala kwa kasi gani, wala kwa joto gani. Mtu anaweza kuwa shambani siku nzima, jembe mkononi, na asilime hata tuta moja.

Kwa hiyo mimi nagawa programu hizi mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile za kuipa prosesa kazi tu. Kitufe cha Stress kilichomo ndani ya CPU-Z ni mfano, HeavyLoad ni mfano mwingine. Ni nyepesi kutumia na zinafaa kuona kama feni inazunguka. Lakini kama kori moja inakosea hesabu, hazikushtui. CPU-Z naipenda kwa kazi nyingine: inakuonyesha prosesa halisi iliyomo, maana stika ya nje mtu yeyote anaweza kubandika.

Fungu la pili ni za kupima kasi, kama Cinebench. Unapata alama, unalinganisha na alama za mashine nyingine zenye prosesa hiyo hiyo. Inafaa sana kumkamata anayekwambia mashine ni nzima wakati inakwenda nusu mwendo. Ila ukiiendesha mara moja, inakwisha kabla joto halijapanda vizuri.

Fungu la tatu ndilo muhimu: zinazoipa prosesa hesabu ngumu KISHA zinakagua jibu. Hapa kuna Prime95, OCCT, y-cruncher, na kwa wa Linux stress-ng ukiiambia ihakiki majibu. Intel nao wana programu yao ya bure ya uchunguzi, Intel Processor Diagnostic Tool. AIDA64 inapendwa na mafundi wengi, lakini ni ya kulipia baada ya siku za majaribio. OCCT ni bure kwa matumizi binafsi, ukiitumia kibiashara unatakiwa leseni. Kafe ni biashara, wadau, tusijifanye hatujui kusoma.

Mimi nilichagua Prime95. Ni bure, ni ndogo haimalizi bando, haihitaji kuinstoliwa, inakaa kwenye flashi.

HISTORIA FUPI YA PRIME95

Prime95 haikuzaliwa kupima kompyuta. Mwaka 1996 Mmarekani George Woltman alianzisha mradi wa GIMPS wa kutafuta namba tasa kubwa, zile za Mersenne: unachukua 2, unaizidisha yenyewe mara nyingi, kisha unatoa 1. Hesabu moja inaweza kuchukua siku kadhaa, na kosa dogo katikati linaharibu yote. Kwa hiyo programu ililazimika kujikagua yenyewe. Watu wakagundua kwamba kompyuta inayoonekana nzima kwenye michezo na barua inaumbuka kwenye Prime95, ndipo sehemu ya Torture Test ikawa maarufu kuliko hata namba zenyewe.

Kuna kisa kitamu. Mwezi Desemba 2018 jamaa aitwaye Patrick Laroche wa Ocala, Florida, alipata namba tasa yenye tarakimu 24,862,048, kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati huo. Huyu bwana kwa miaka alikuwa anatumia programu hiyo kupima tu kompyuta anazounda, kwa sababu ni ya bure. Akaona aisaidie na yenyewe, akaiacha itafute namba. Jaribio la nne, kapata!

Na kisa kingine kinatuhusu moja kwa moja. Januari 2016 Intel walikiri kwamba prosesa zao za kizazi cha 6 zilikuwa na kasoro iliyofanya kompyuta igande kwenye hesabu nzito. Waliogundua ni watu waliokuwa wakiendesha Prime95. Dawa ikatolewa kama marekebisho ya BIOS. Sasa kumbuka, mashine za Korogwe ni kizazi hicho hicho cha 6. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu muuzaji nilianza kwa kuweka BIOS mpya kwenye mashine zote sita, na UPS chini yake, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kuua mazabodi.

TULIVYOPIMA

Kosa langu la kwanza niliseme mwenyewe. Nilifika kwa pupa, nikawasha Prime95 kwenye mashine nne kwa pamoja kwenye ekstensheni moja ya bei chee. Baada ya dakika chache kukawa na harufu ya plastiki. Ekstensheni kwisha. Tukanunua nyingine ya maana, na tangu hapo nikapima moja moja. Kupima kitu kwa nyaya mbovu ni kupima nyaya.

Tulianza na hoja ya umeme. Tuliweka multimita kwenye soketi mchana na jioni, ikasoma kati ya volti 196 na 209 badala ya 230. Ni mdogo, ndiyo. Lakini nikageuza pawa saplai kusoma kibandiko: 100–240V. Yaani kwa umeme mdogo uliotulia, pawa saplai nzima haina kisingizio. Kinachoua ni ule wa kukatika na kurudi ghafla. Kwa hiyo mashine zote tukazipitisha kwenye stabilaiza na UPS. Mtu asije akasema tena "umeme wenu".

Kisha joto. Nilipima makusudi saa nane hadi saa kumi mchana, kava limefungwa, chumba kile kile cha bati. Siku ya kwanza nilikuwa nimebeba mashine moja kwenda nayo nyumbani Handeni, nikaipima asubuhi kwenye kibaridi, ikafaulu bila jasho. Handeni kuko juu kidogo kuliko Korogwe, na asubuhi si mchana. Nikajiona mjanja. Iliporudi Korogwe mchana ikawa ile ile nzito. Ukipima mashine kwenye kiyoyozi cha duka la Dar umepima duka la Dar. Mashine ipimwe pale itakapofanya kazi, saa mbaya kuliko zote.

Programu nilizofungua ni mbili kwa pamoja: Prime95 ya kulemea, na HWiNFO ya kuangalia joto na kasi. Bila hiyo ya pili umeliwa. Prosesa hizi zikifika kama nyuzi 100 zinajilinda kwa kupunguza mwendo. Haizimi, haikosei, inatambaa. Prime95 itakwambia kila kitu shwari, na wewe utalipa.

Ukiifungua Prime95 mara ya kwanza itakuuliza kama unajiunga na GIMPS, chagua "Just Stress Testing". Kisha chagua aina. "Small FFTs" inabana prosesa yenyewe na kuleta joto kali. "Large FFTs" inabana zaidi RAM na njia yake. "Blend" inachanganya. Nilifanya Small kwa dakika 30, halafu Blend saa nne, na RAM nikaipima usiku kwa Memtest86+, ambayo inawaka kutoka kwenye flashi bila Windows.

MAJIBU

Mashine ya 1, ya 2 na ya 4: ndani ya dakika tano joto lilifika 100 na kasi ikashuka kutoka GHz 3.3 hadi chini ya 2. Tukazifungua. Vumbi lilikuwa limetengeneza blanketi, na pesti ya prosesa imekauka kama chokaa. Tukapuliza, tukafuta, tukaweka pesti mpya. Joto likagota 71 hadi 76, kasi haikushuka tena. Yaani mashine tatu kati ya sita ugonjwa wao ni uchafu! Muuzaji hakuwa na mashine mbovu hapo, alikuwa na uvivu.

Mashine ya 3, ile iliyomzimikia yule dada: ilizima pap baada ya dakika 11, joto likiwa 82 tu. Tukabadilishana pawa saplai na mashine ya 1. Ya 3 ikapona, ya 1 ikaanza kuzima. Ugonjwa umehama na pawa saplai, kesi imekwisha.

Mashine ya 5: Small ilifaulu, Blend ikaleta kosa. Memtest86+ usiku ikawa nyekundu tupu. Kulikuwa na RAM mbili, moja ndiyo mgonjwa.

Mashine ya 6 ndiyo iliyoninyima usingizi. Hii ndiyo ilikuwa SAFI kuliko zote. Haizimi, haiwi nzito, joto 66. Rafiki yangu alitaka iwe ya kaunta, ya kupigia hesabu na kuandikia madeni ya wateja. Dakika ya 19 kori ya tatu ikasimama na ujumbe mwekundu kwamba kuna kosa la kifaa. Nikarudia, dakika ya 7, kori hiyo hiyo. Nikabadilisha RAM, hiyo hiyo. Usiku kwenye ubaridi, hiyo hiyo. Mwishowe tukahamisha prosesa yenyewe kwenye mashine ya 2 ambayo ilikuwa imefaulu, na kosa likahamia huko. Hapo hakuna tena cha umeme wala bati. Ni prosesa.

Mtu atasema: kama mashine haizimi, kosa la dakika ya 19 linanihusu nini, mimi naandika barua tu? Linakuhusu. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa cha kompyuta yao moja ambayo kori moja ilipopewa kuzidisha 1.1 yenyewe mara 53, badala ya 156 ilijibu 0. Haikuzima. Haikulalamika. Ilitoa jibu la uongo kwa utulivu kabisa, na mafaili yakapotea. Google nao mwaka huo huo wakaandika juu ya kori za aina hiyo kwenye mitambo yao. Inayozima inakukera. Inayodanganya inakufilisi.

Na tusidhani ni balaa la mtumba pekee. Mwaka 1994 profesa Thomas Nicely wa Virginia aligundua Pentium mpya kabisa inakosea kugawanya, naye alikuwa kwenye hesabu za namba tasa vile vile. Intel wakatenga dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilisha. Mwaka 2024 tena, prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaharibika kwa kupokea volti kubwa kuliko inavyotakiwa, wakatoa marekebisho Agosti na Septemba na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Hata nchi yetu ina historia: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya uzoefu mbaya wa kompyuta kwenye hesabu za Wizara ya Fedha. Kufunga mlango haikuwa dawa. Dawa ni kukagua.

WANAOSEMA PRIME95 INAUA MASHINE

Najua wapo, na fundi mmoja wa Handeni tulibishana naye hadi chai ikapoa. Hoja yake: kafe haifanyi kazi nzito hivyo, kwanini uitese mashine ya watu? Ni sawa na kumpima dereva wa bajaji kwa kumpandisha Lushoto kutoka Mombo na tani mbili mgongoni.

Ana hoja nusu. Small FFTs inaleta joto ambalo mteja wa kafe hatalileta kamwe. Ndiyo maana sikuiacha usiku kucha, nilikaa nayo dakika 30, mkono kwenye mausi, na joto likipita 95 nasimamisha na kufungua kava. Kama una mashine unayoipenda na haina tatizo, usiichokoze. Kama hofu yako ni RAM, anza na Memtest86+. Kama unataka upole zaidi, OCCT inakuruhusu kuiwekea kikomo cha joto, ikifika inasimama yenyewe.

Lakini nusu ya pili ya hoja siikubali. Kifaa kinachokufa kwa dakika 30 ndani ya siku saba za muuzaji, kingekufa kwako siku ya 30 na ungelia peke yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayelipia mazishi ni mnunuzi.

IMEISHAJE?

Siku ya sita tulimtumia muuzaji video, si picha: mashine ya 6 inaanza, saa inaonekana, joto linaonekana, kosa linatokea. Pamoja na kibandiko cha pawa saplai na multimita. Alinyamaza karibu saa mbili. Kisha akapiga, safari hii sauti ya chini: "Rudisheni hiyo, nawapa nyingine. Pawa saplai na RAM nakata kwenye deni." Akakata sh. 55,000. Ile mbadala ilipofika kwa basi tuliipima kabla ya kumalizia hela. Imefaulu. Vumbi tulisafisha wenyewe bila kulipwa, basi.

Sitaki kumfanya yule jamaa shetani. Nadhani aliamini kabisa alikuwa amepima. Alichagua programu rahisi, akaiendesha kwenye ubaridi, akaona kijani, akalala. Wengi wetu tungefanya hivyo hivyo.

Msimamo wangu kwa kifupi: mtu asikuulize "programu gani ni kali kuliko zote". Muulize unaogopa nini. Unaogopa imebandikwa stika ya uongo? CPU-Z. Unaogopa joto na kutambaa? Prime95 Small pamoja na HWiNFO, mchana. RAM? Memtest86+. Inajizima? Badilisha pawa saplai kabla ya kulaani prosesa. Unaogopa inakosea hesabu? Ni zile zinazokagua majibu tu ndizo zitakwambia, na zirudie zaidi ya mara moja.

Na kabla ya programu yoyote: risiti ya EFD, siku za kupima ziandikwe kwenye karatasi, na baki na sehemu ya hela mkononi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, lakini sheria bila risiti ni hadithi. Rafiki yangu asingekuwa na ile 720,000 mfukoni, nina wasiwasi kama video yetu ingetazamwa hata mara moja.

Yule dada alipitia tena kafe juzi, kuna nafasi nyingine imetangazwa. Akauliza kwanza: "Ile iliyonizimikia ni ipi?" Akaonyeshwa. Akaenda kukaa ya mbali nayo kabisa. Tumepima kila kitu, wadau, lakini imani ya mteja haina programu ya kuipima. Itarudi taratibu.

Je, nyie wa Mombo, Muheza, Kabuku na Mkata mnapima kwa nini? Na kuna aliyewahi kurudishiwa hela bila kugombana? Mwageni maoni hapo chini, matusi yaacheni nyumbani.

Naomba kuwasilisha.